Siku ya Kushushwa

Kuna siku moja ya maisha yangu ambayo niliiona yote nikiwa chali. Mbingu ilikuwa inatembea. Majani ya migomba yalinijia, yakanifunika, yakaondoka. Ikaja mikaratusi, kisha jua tupu, kisha ndege mmoja wa mbali ambaye hakusogea kabisa ingawa sisi sote tulikuwa tunakwenda. Nilisikia miguu ya wanaume na pumzi zao, na kamba za magome zikilia kila walipokanyaga. Nilikuwa ndani ya ingobyi, uchungu wa kujifungua ukiwa na siku ya pili, na mtoto hataki kutoka.

Ingobyi, kwa asiyeijua, ni kitanda cha kubebea wagonjwa. Husukwa kwa fito na kamba, hufungwa kwenye miti miwili mirefu, na wanaume wanne huiweka begani. Pale Bukiriro nilikoolewa kila mtaa ulikuwa na yake, na kila ingobyi ilikuwa na chama chake. Leo unabeba, kesho unabebwa. Mtaa wetu ulikuwa wa Wakatoliki tangu enzi za mababu, kwa hiyo chama cha ingobyi na jumuiya ya kanisa vilikuwa na watu wale wale. Mkutano ulianza kwa rozari ukaishia kwenye kibuyu cha pombe ya ndizi, na hakuna aliyeona ajabu.

Aliyeona ajabu ni mimi. Wazazi wangu walitoka Shinyanga wakifuata malisho ya ng'ombe, wakatua Nyamigogo, kule Biharamulo, na hapo baba akaokoka. Aliokoka kwelikweli. Yule mlevi mashuhuri akawa mzee wa kanisa la walokole, na nyumbani kwetu neno pombe likawa linatamkwa kwa sauti ya chini, kama jina la mchawi. Halafu mimi binti yake nikaenda kumpenda kijana wa Kihangaza, Mkatoliki, aliyekuja mnadani kuuza ndizi. Tulioana kwa manung'uniko ya pande zote mbili. Siku nilipofikishwa Bukiriro, mama mkwe, mjane aliyekuwa kiongozi wa jumuiya, aliniletea mrija mbele ya watu ili nivute kutoka kwenye kibuyu cha nyumba ile. Nikaficha mikono nyuma. "Samahani mama," nikasema, "mimi sinywi."

Alirudisha mrija mahali pake, akaendelea kugawia wengine. Basi tukaishi hivyo. Lugha yake ni Kihangaza, yangu ni Kisukuma, katikati tukabaki na Kiswahili, lugha ya shule na ofisi, tukawa tunanuniana kwa adabu kubwa kama makarani wawili wa halmashauri. "Shikamoo mama." "Marahaba." "Nikusaidie kumenya?" "Hapana, asante, pumzika." Hakuna matusi yanayouma kama kuambiwa pumzika kila siku katika nyumba yenye kazi. Mume wangu alikuwa anapita katikati yetu kwa ncha za vidole. Ni mtu mpole mno, na upole wake ulikuwa unaniudhi.

Hiyo ilikuwa miaka ya wakimbizi. Walivuka mpaka na magodoro kichwani, na watoto, na mbuzi wachache, na vilima tulivyovijua vya kijani vikavaa turubai za bluu. Asubuhi moshi wa kambi ulitanda bondeni hadi ukadhani kuna ziwa pale. Nilikuwa nasimama mlangoni na ujauzito wangu nalitazama ziwa hilo lisilokuwepo, na chini yake nasikia ng'ombe, vilio, shoka, nyimbo. Miti ikaisha, soko likafura, barabara ikawa ya malori ya chakula. Ikatokea pia kwamba daktari wa kupasua aliyekuwa karibu nasi kuliko wote alikuwa huko huko kambini, ndani ya hema. Sisi wenyeji ndio tukawa tunabebwa kwenda kwa wageni.

Siku yangu ilipofika wanaume walikuwa wachache mtaani, wengi wamekwenda kushusha magunia. Wabebaji walipatikana wanne tu wa kuanzia, pamoja na mume wangu na mzee wa ingobyi, yaani mkuu wa chama chao, mtu mwenye miguu mifupi na amri nyingi. "Porepore jamani," alikuwa akisema, "mbere kuna mawe!" Na kila aliposema porepore, walikwenda mbio zaidi.

Mama mkwe alitembea ubavuni mwangu. Jua lilipopanda alivua kitenge chake cha akina mama wa kanisa, kile chenye picha ya Bikira Maria, akakitandaza juu yangu kwenye fito ili nipate kivuli. Mwanga ukapenya kitambaa. Nikawa nimelala ndani ya bluu, na juu yangu uso wa mwanamke, umepinduka, kidevu juu na macho chini, unayumba kwa hatua za wanaume. Nilifundishwa tangu utotoni nisitazame picha hizo. Basi nilitazama nini? Kila nikifumbua macho yupo. Maumivu yalipokuja alikunjamana, yalipokwenda akanyooka. Kuna wakati nilidhani ananiuliza kitu, na nikamjibu kwa Kisukuma. Nilicheka peke yangu nikimwaza baba, na mama mkwe akafunua pembe ya kitenge kuangalia kama nimerukwa na akili.

Tulipofika barabara kuu mabega ya wabebaji yalikuwa yamekwisha. Nilisikia wakinitua. Nilisikia mzee wa ingobyi akinong'ona kwamba hawatafika. Kisha sauti nyingine, za watu nisiowajua, zikizungumza lugha inayofanana na ya mume wangu lakini yenye lafudhi yake. Walikuwa wakimbizi waliokuwa wanatoka kutafuta kuni. Kwao nako kuna ingobyi. Hawakuuliza mgonjwa ni wa nani wala anasali wapi. Waliweka kuni chini, wakakunja nguo zao zikawa pedi za begani, wakanyanyua, na mara moja mwendo ukabadilika, ukawa laini, nikahisi naelea.

Wakaanza kuimba. Ulikuwa wimbo wa kanisa, tuni niliyoijua tangu Nyamigogo. Nikasikia mume wangu anaimba tuni hiyo hiyo kwa maneno ya Kikatoliki, na wale kwa maneno yao, na mimi mdomoni, kati ya uchungu mmoja na mwingine, nina maneno ya kwetu. Pembeni mama mkwe anasema Salamu Maria bila kuhesabu. Hakuna aliyengojea mwenzake amalize. Sijui tulikwenda hivyo muda gani. Ninachojua ni kwamba sikuogopa kufa, na kwamba nimekuwa nikiitafuta hali ile katika makanisa mengi tangu wakati huo.

Walinipasua jioni, wakatoa binti, na yeye akalia kabla hawajamgeuza. Nilikaa hemani hadi kidonda kilipoanza kufunga. Mama mkwe alilala chini, kwenye jamvi, kati ya mabibi wa kikimbizi waliokuwa wanauguza watu wao. Kulikuwa na banda moja la turubai nyuma ya hospitali. Asubuhi walisali Wakatoliki, alasiri walokole, Jumapili Waanglikana wakipishana nao mlangoni, na wote walikalia magogo yale yale. Siku moja nilimwona mama mkwe ameingia alasiri. Aliporudi nilimuuliza kama amepotea. "Nilikuwa nimechoka," akasema, "na magogo yalikuwa matupu." Alisema hivyo akiangalia pembeni. Sikumchokoza zaidi, ingawa ulimi uliniwasha.

Turudi kwenye desturi, maana hapo ndipo nilipobanwa. Mtu aliyebebwa akirudi mzima, lazima ashushwe. Wabebaji hualikwa, kibuyu huwekwa katikati, mirija huchomekwa, na aliyebebwa huvuta wa kwanza. Mpaka avute, kwa macho ya mtaa bado yumo ndani ya ingobyi, bado yuko njiani. Haendi kisimani, hashiki jembe. Nilikaa uani nachambua maharage na watu wanapita wananiambia, "Pole na safari." Wiki ya kwanza nilijibu asante. Wiki ya pili nilitaka kurusha ungo. Wiki ya tatu nikaanza kuamini. Nilikuwa nanyonyesha nikahisi kiti kinayumba. Migomba ilisogea. Sauti zilinifikia kutoka chini, kana kwamba wote wamesimama ardhini na mimi peke yangu niko juu, naendelea kupita.

Baba akapata habari. Muumini mmoja wa Nyamigogo aliyekuwa akileta mahindi soko la kambini alikwenda na taarifa akarudi na jibu, akalitoa uani mbele ya mama mkwe bila kupunguza neno: "Baba anasema anakuja siku ya kushushwa kwako. Akikuta umewekewa pombe, anakuchukua wewe na mjukuu wake, mnarudi nyumbani."

Mama mkwe alifuta mikono kwenye kanga. "Mwambie karibu," akasema. "Babu wa mtoto hawezi kukosa."

Usiniulize nilivyolala siku zile. Nisingevuta pombe, hilo nilikwishaahidi mbele za Mungu, na ahadi si nguo ya kuazima. Bila kuvuta nisingeshushwa, na asiyeshushwa ataishije na watu wale? Baba akinichukua, mume wangu angenifuata mpaka barabarani akasimama pale na upole wake. Nilimpenda. Nililipenda hata lile shamba la migomba na mama mkwe mwenyewe, jambo lililonitia hasira kuliko yote. Nilimuuliza mume wangu tufanye nini. Akasema, "Mama anafukia ndizi." Alikuwa anatabasamu. Nikamgeuzia mgongo.

Kweli alikuwa anafukia ndizi shimoni ziive, kama wafanyavyo wakitaka kupika pombe. Zilipoiva wanaume wa nyumba ya pili walizikanyaga kwa nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, maji matamu yakatoka, akayachuja, akayatia kwenye kibuyu kikubwa cha nyumba. Nilitazama kila hatua kama mtu anayetazama kamba yake ikisokotwa. Sikujua, mimi mtoto wa wafugaji, kwamba pombe inahitaji mtama uliokaangwa na kusagwa, na kwamba wiki nzima ile hakuna mtama uliokaangwa pale nyumbani. Mume wangu alijua. Alikatazwa kusema.

Wabebaji walikuja Jumamosi, baba hakuja. Malori ya chakula cha wakimbizi yalikuwa yamekwama kwenye matope, na lori alilopanda baba lilikuwa nyuma yao. Mzee wa ingobyi alikitazama kibuyu kwa huzuni. "Tungeanza tu," akasema. Mama mkwe akakataa, wakarudi makwao kavu. Jumapili hakuna mtu. Baba alifika Jumatatu asubuhi, ana tope mpaka magotini, amevaa koti la ibada, Biblia kwapani. Hakukaa kitako vizuri. Aliniambia kwa Kisukuma kwamba dereva anashusha mzigo, atapita tena mchana, na kwamba amemwekea nafasi mbili mbele, ya kwake na ya kwangu.

Wabebaji waliitwa upya. Tukakaa duara uani, mimi na mtoto katikati. Mama mkwe akatoka na kibuyu amekikumbatia. Alikitua, akainama akiondoa kizibo cha majani, na kabla hajachomeka mrija akasimama hivyo hivyo, ameinama, pua yake karibu na mdomo wa kibuyu. Povu lilikuwa linapanda taratibu.

"Jamani," akasema. Uso wake, ambao sikuwahi kuuona umeshindwa, ulikuwa umeshindwa. "Nilikamua juisi. Juisi tupu, ya kunywa siku ile ile, ili huyu avute na sisi tuvute. Sikutia mtama. Kumbe kibuyu hiki kina pombe ndani ya ngozi yake tangu kwa mama mkwe wangu mimi. Siku mbili zimetosha."

Wabebaji wakaangua kicheko, na mimi siwalaumu. Mpishi wa pombe wa miaka yote ile, amejaribu mara moja kutopika, pombe imejipika yenyewe. Lakini baba hakucheka. Alikuwa amesimama.

"Chukua mtoto," akaniambia. "Twende."

Sikusimama. Nilitaka kusema maneno mazuri na hayakuja, lilikuja hili tu: "Baba, mama amekamua juisi kwa ajili yangu." Nikaanza kulia kwa sauti, mbele ya wanaume wa mtaa mzima, na mtoto naye akaanza. Sikulia kwa huzuni. Mwanamke yule alikuwa amekanyagisha ndizi za shamba lake, akajinyima pombe, akakubali kuwakasirisha wabebaji wake, na hakuniambia.

Mama mkwe alituacha tunalia akaingia jikoni. Alirudi na chungu kipya, amekijaza maji ya mtungini. Akakiweka mahali pa kibuyu. Akachomeka mirija.

"Maji?" Mzee wa ingobyi alidhani anataniwa. "Tuvute maji kwa mirija?"

"Siku mliyombeba, njiani mlikunywa nini?"

Mzee akafikiri. "Maji," akasema.

"Mlimfikisha au hamkumfikisha?"

Akanipa mrija. Nilivuta, na maji yalikuwa ya baridi, yana ladha ya udongo wa chungu. Nilihisi uzito wa mwili wangu ukirudi: makalio juu ya mkeka, kisigino kwenye jiwe dogo, kidonda, mtoto mkononi. Migomba ilisimama. Baada yangu akavuta mama mkwe, kisha wabebaji mmoja mmoja, wanaume wazima wanafyonza maji kwa nyuso za maziko. Mmoja alikohoa kwa namna ya mtu aliyeonja kitu kikali, na wenzake wakamkanyaga miguu.

Kisha mama mkwe akageuka na mrija mwingine, akaunyoosha kwa baba. "Mzazi mwenzangu. Ni maji."

Baba aliutazama mrija ule. Nilikuwa nimezoea kuuita ukali, ule uso wake. Siku hiyo nikaona ni hofu. Huyu ni mtu aliyewahi kunywa ng'ombe wake karibu wote. Siku aliyookoka alivunja mrija wake mbele ya kanisa, na tangu hapo mdomo wake haukuwahi kugusa mwingine. Hakuogopa yaliyomo chunguni. Aliogopa kuinama vile, kufumba macho vile, kuwa tena katika duara la wanaume. Aliupokea. Akaweka Biblia juu ya mkeka, akapiga magoti kwa sababu chungu kilikuwa chini, akavuta. Aliponyanyuka macho yalikuwa na machozi, na mzee wa ingobyi, ambaye mimi nilidhani hana akili ya kitu kingine zaidi ya mawe ya njiani, alimshika bega akamkalisha karibu yake.

Baba aliombwa aombe. Aliomba kwa Kisukuma, kirefu, kama kawaida yake, na hakuna aliyeelewa zaidi yangu. Alipomaliza wote wakafanya ishara ya msalaba, na yeye akaacha wafanye. Sitaki kudanganya kwamba yote yaliisha hapo. Ubatizo wa mtoto ulikuwa ugomvi mwingine, wa miaka, na mpaka leo mimi nasali kwangu na mume wangu kwake. Na kile kibuyu hakikumwagwa. Wabebaji walikwenda nacho kwa heshima nyuma ya nyumba, na baadaye vicheko vilitufikia. Baba alivisikia. "Waache," akasema. "Wamebeba."

Mchana honi ikalia barabarani. Mama mkwe alikuwa anakusanya mirija. Ya wageni huvunjwa ikatupwa; ya watu wa nyumbani huchomekwa kwenye nyasi za paa la jiko, juu ya mlango, kila mmoja na mahali pake. Aliuchomeka wangu. Kisha akapanda tena kwenye kigoda, akauchomeka wa baba kando ya wangu, akausukuma kwa kidole gumba usidondoke. Baba alikuwa amesimama na Biblia yake anamtazama. Hakuuliza maana yake. Mlevi wa zamani anazijua desturi za mirija.

Nilimsindikiza hadi barabarani na mtoto mgongoni, kwa miguu yangu. Dereva alikuwa ameshafungua mlango, ameondoa makoti kwenye kiti ili tupate nafasi. Alinitazama, akatazama nyuma yangu kutafuta mizigo.

"Mzee, ulisema mko wawili. Binti haendi?"

Baba alipanda kwanza, akakaa, akaweka Biblia kwenye ile nafasi iliyobaki.

"Haendi," akasema. "Yuko kwake."